Filamu Isiyo na Tone la Damu

Damu haikuwahi kumtisha Mama Plasta. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha plasta cha hospitali kubwa, chumba chenye ndoo za maji ya vuguvugu, meza ndefu iliyotapakaa unga mweupe, na msumeno mdogo wa umeme unaokata plasta bila kugusa ngozi, ingawa hajatokea mgonjwa aliyekubali kuamini hilo kabla hajalijaribu. Watu waliingia wakiwa na mikono iliyopinda mahali pasipopindika, wakatoka weupe kuanzia kiwikoni hadi vidoleni. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini, dukani, hata kwenye harusi za ndugu zake, watu walimwita Mama Plasta, naye akaitika.

Alikuwa na jicho. Ungemletea mtu aliyeanguka ngazi, angemtazama mara moja anavyoukumbatia mkono wake, kisha angesema, "Wiki sita." Picha ya mfupa ikija, kweli ni wiki sita. Madaktari wapya walidhani mama huyu anapenda sifa. Baada ya miezi michache walikuwa wakimwita chemba kumuuliza kabla hawajaandika lolote kwenye faili.

Shida yake kubwa haikuwa mifupa. Ilikuwa benchi la watoto. Mtoto mmoja akilia mezani, wa benchini naye anaanza, kisha wa pili yake, mpaka chumba kizima kinalia na mama zao wanalia na daktari anatafuta pa kujificha. Basi Mama Plasta akatundika pazia zito la kijani kati ya meza na benchi, vitambaa vya damu akavitia kwenye ndoo yenye kifuniko, na redio akaiweka dirishani. Mtoto akianza kupiga kelele nyuma ya pazia, yeye anaongeza sauti ya redio. Benchini hawasikii ila muziki. Wanatulia, wanachezesha miguu, wanangoja zamu yao. Alijivunia pazia lile kuliko cheti chochote alichopewa.

Alipostaafu, Bodi ya Kupanga Umri wa Filamu ilikuwa inatafuta mwananchi wa kawaida wa kukaa nao, mtu asiye mwanasheria wala mwalimu, na mtu fulani akalitaja jina lake. Alifika siku ambayo wajumbe walikuwa wanatengeneza fomu mpya. Mwenyekiti, aliyekuwa mwalimu mkuu maisha yake yote na bado anazungumza na watu wazima kama wako mstarini asubuhi, akamgeukia.

"Mama, wewe umekaa na watoto wenye hofu. Ni kitu gani hasa kinawatisha?"

Hakufikiri mara mbili. "Damu na kilio," alisema. "Ukiviondoa hivyo viwili, mtoto anatulia."

Karani akaandika. Maneno hayo yakawa kipengele cha saba cha fomu: je, damu inaonekana, na je, kilio cha maumivu kinasikika? Kama majibu yote ni hapana, filamu inaruhusiwa kwa watoto wa miaka kumi, hata wapigane humo kutoka mwanzo hadi mwisho. Jibu likiwa ndiyo, umri unapanda hadi kumi na sita. Mwenyekiti akagonga meza kwa furaha, akasema hii ndiyo faida ya kumwita mtu mwenye kazi yake. Mama Plasta akarudi nyumbani kichwa juu, akamsimulia binti yake kisa hicho mara mbili jioni ileile.

Miaka sita ikapita. Filamu zikaja na kwenda. Halafu akaja Tufani.

Tufani ni shujaa wa sinema, jamaa mwenye nguo ya bluu iliyombana mwili mzima, anaruka angani, anaokoa miji, na sura yake imechapwa kwenye mabegi ya shule, chupa za maji na kandambili. Filamu yake mpya ililetwa mbele ya bodi na wakala wa kampuni inayoisambaza, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na manukato yanayofika chumbani kabla yake. Katika dakika ya arobaini Tufani anamkamata mlinzi wa ghala, mtu wa upande wa maadui, anaupindua mkono wake mpaka mfupa unatokeza, kisha anamtupa kwenye nguzo. Damu ilimwagika na mlinzi akalia kilio cha kumtoa mtu usingizini. Bodi haikubishana. Ndani ya robo saa fomu ilikuwa imejazwa: kumi na sita. Wakala akashukuru kwa adabu, akakusanya vitu vyake, akaenda.

Baada ya wiki tatu alirudi, anatabasamu.

"Tumeisafisha," alisema.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Ijumaa ya wiki hiyo shule zilikuwa zinafungwa, na wakala alitaka Tufani awe ukumbini Jumamosi watoto wakiwa likizo. Wajumbe watano wakaketi katika chumba cha ghorofa ya pili: Mwenyekiti mbele, Wakili pembeni yake na fomu magotini, Mwalimu wa chekechea karibu na sahani ya biskuti, Mzee wa Posta kwenye kiti kile ambacho husinzilia kila mara, na Mama Plasta nyuma kabisa na chai yake. Taa zikazimwa.

Dakika ya arobaini ikafika. Mlinzi yuleyule, ghala lilelile. Tufani akamkamata mkono, akaupindua, na mkono ukapinda katikati ya kiwiko na kifundo, mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Ngozi haikupasuka. Tone la damu halikuonekana. Mlinzi akafumbua kinywa chake chote, na ndani ya kinywa kile zikatoka tarumbeta za muziki wa ushindi. Walikuwa wameondoa kilio. Kinywa walikiacha.

"Safi," akasema Mzee wa Posta, ambaye kumbe siku hiyo alikuwa macho.

Wakili akatia alama mbili kwenye kipengele cha saba. Hapana, hapana. Mwalimu wa chekechea akachukua biskuti.

Mama Plasta ni mwanamke aliyewahi kufungua plasta ya miezi miwili akakuta funza, akaosha mikono, akaenda kula. Usaha, harufu, kucha zilizong'oka, vyote alikuwa amevizoea. Lakini kile kinywa kilichofumbuliwa kikatoa muziki kilimletea kichefuchefu cha kweli. Akakiweka kikombe sakafuni.

"Naomba urudishe hapo," alisema.

Picha ikarudishwa. Mkono ukavunjika tena, safi, kinywa kikafumbuka tena.

"Huyu amelia," akasema Mama Plasta.

"Hapana, Mama," wakala akajibu kwa upole. "Sauti tumeitoa."

"Naona mmeitoa. Mmeipeleka wapi?"

Wajumbe wakacheka, na wakala akacheka nao, kwa sababu alidhani bibi wa watu anatania. Filamu ikaendelea. Basi Mama Plasta akatoa daftari lake mkobani, akavaa miwani, na akaanza kufanya kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja.

"Mifupa yote miwili ya mkono. Vyuma, na wiki kumi," alisema kwa sauti ya kawaida.

Tufani akalirusha basi. "Yule wa kofia, nyonga. Miezi mitatu kitandani. Yule aliyeshika mfuko, uti wa mgongo. Huyo sina wiki za kumpa, huyo hatembei tena." Jengo likaanguka kwa upande mmoja, na watu waliokuwa kibarazani wakaonekana wadogo kama punje, kisha vumbi. "Hapo siwezi kuwaona vizuri. Naandika arobaini."

"Mama," akasema Mwenyekiti gizani, "kanuni haziruhusu mazungumzo wakati wa kuangalia."

"Sizungumzi, Mwenyekiti. Nahesabu. Fomu inatutaka tuhesabu."

"Fomu inataka damu na kilio."

"Ndiyo maana nahesabu hivi vingine."

Akaendelea. Paja. Mbavu. Taya, na taya ni tabu kwa sababu mtu anakunywa uji kwa mrija wiki sita. Hakuna hata mmoja katika watu wale aliyeonekana tena kwenye picha baada ya kuanguka. Hakuna aliyebebwa, hakuna aliyeshikwa mkono, hakuna mke aliyekuja anakimbia. Walifagiliwa pembeni ili Tufani apate nafasi ya kurusha ngumi nyingine. Mwalimu wa chekechea aliirudisha biskuti yake kwenye sahani, imeng'atwa nusu. Taa zilipowashwa, daftari lilikuwa na watu mia mbili na kumi na watatu.

"Plasta ya hospitali yetu ya mwaka mzima isingewatosha," alisema Mama Plasta, akafunga kalamu.

Wakala hakuwa anacheka tena, ila hakuwa na hofu pia. "Nakuheshimu sana, Mama. Lakini hapa hakuna tone la damu. Fomu yenu inasema wazi, na sisi tumeifuata neno kwa neno."

"Neno hilo ni langu," akajibu. "Nililisema mimi, kwenye chumba hikihiki. Nilikosea."

Mwenyekiti akazitazama kucha zake. Ni vigumu kujua mtu afanye nini mzee mwenzake anaposema mbele za watu kwamba alikosea, na wengi huamua kuvaa miwani ya mbao.

Mama Plasta hakungoja wamwonee huruma. Aliwaeleza juu ya pazia la kijani, habari ambayo wote walikuwa wameisikia, ila safari hii aliimalizia. Pazia lilikuwa la wale waliokaa benchini, alisema. "Lakini nyuma ya pazia kulikuwa na mtu anayelia, na mimi nilikuwepo, nimemshika. Hawa wameweka pazia, halafu nyuma yake hawakuweka mtu. Wamemvunja mtu mkono na kumnyang'anya hata sauti, kisha wanatuletea tuwape watoto wa miaka kumi kwa sababu ni safi. Nikiitazama hiyo safi yenu nataka kutapika."

"Sasa Mama unataka nini?" akauliza Wakili, ambaye muda ulikuwa unamwendea.

"Kilio kirudi. Damu siihitaji, ifuteni yote. Huyu mlinzi arudishiwe sauti yake, mimi naweka sahihi kwenye kumi sasa hivi."

Wakala akashtuka. "Kilio kikirudi, watoto wataogopa."

"Ndiyo."

"Watatoka ukumbini wanalia, Mama."

"Basi watakuwa wameona mtu akivunjwa mkono."

Hapo ndipo maneno yalipoanza kupandana. Wakili alisema fomu ikibadilishwa katikati ya kazi, kampuni itawapeleka mahakamani na itashinda asubuhi na mapema. Mzee wa Posta alisema enzi zake watoto walitazama watu wakipigwa risasi na hawakuwa vichaa, isipokuwa mmoja. Mwalimu wa chekechea alisita, kisha akasema kitu ambacho Mama Plasta alikibeba hadi nyumbani.

"Watoto wangu darasani wote wanamjua Tufani, Mama. Tukiikataa hii, wataitafuta kwenye simu za kaka zao, ile ya kwanza, yenye mfupa na kila kitu. Mimi naona bora hii."

Mama Plasta alimtazama mwalimu, akaitazama biskuti yenye alama za meno, na alichoona ni kwamba mwanamke huyu amechukizwa sawasawa na yeye, na bado atapiga kura ya ndiyo. Hilo lilimkera zaidi ya manukato ya wakala.

Wakapiga kura. Wanne kwa mmoja. Mama Plasta akaomba angalau kipengele cha saba kifutwe kabla ya Ijumaa, ili filamu nyingine isipite kwa mlango uleule, na Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba suala hilo litaingizwa kwenye ajenda ya mwaka ujao. Kwenye fomu kuna mstari mmoja wa mjumbe asiyekubaliana. Mstari mmoja tu, mfupi kuliko ule wa tarehe. Akaandika: Kinywa kimeachwa wazi.

Karani akausoma, akakunja uso. "Hii maana yake nini, Mama?"

"Nenda kaangalie dakika ya arobaini."

Safari hii hakusimulia kisa chake nyumbani. Alikuwa anaishi na binti yake na wajukuu wawili wa kike, mmoja wa miaka kumi, mwingine wa mitano. Jumamosi asubuhi binti alikuwa anawavalisha viatu, na mdogo alikuwa tayari amejifunga shuka la bluu mgongoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Kwa Tufani, Mama. Wamenisumbua wiki nzima."

"Huyu mdogo ana miaka mitano."

"Anakwenda na dada yake, na mimi nipo. Na hata hivyo, Mama, si nyie wenyewe mmeipitisha? Bango limeandikwa kumi, na muhuri wenu uko pale." Alisema bila ubaya wowote, huku anatafuta soksi.

Muhuri ulikuwa wao, na kipengele kilikuwa chake. Akasema wasikae mbele sana kwa ajili ya macho. Walipoondoka aliosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Walirudi wanaruka. Mkubwa alikuja kukaa karibu na bibi yake kama desturi yake, amsimulie kila kitu.

"Ilikuwaje?"

"Nzuri, Bibi. Tufani aliwapiga wote."

"Wale aliowapiga waliumia?"

Mtoto akafikiri. Alikuwa mtoto mkweli, hakupenda kujibu tu ilimradi. "Hapana," alisema mwishowe. "Walianguka tu."

Jumapili mchana wajukuu walikuwa wanacheza kwenye korido, na kati ya korido na ua kuna mlango wa chuma ambao upepo huusukuma ukiuacha bila kizuizi. Mama Plasta alikuwa sebuleni amejinyoosha. Akasikia mlango unabamizwa, kisha kimya kile kifupi anachokijua, kimya cha mtoto anayevuta pumzi, kisha kilio.

Alipofika, mdogo alikuwa ameketi sakafuni, shuka la bluu limemfunika kichwa, mkono wa kulia ameufumbata kifuani. Dada yake alikuwa amepiga magoti mbele yake, na uso wake haukuwa na ukatili hata kidogo. Alikuwa anambembeleza. Aliushika ule mkono mdogo, akaugeuza upande mmoja na upande wa pili, akamwonyesha.

"Nyamaza, hakuna damu. Ona, hakuna kabisa." Kisha akamgeukia bibi yake, kwa uvumilivu wa mtu mzima. "Anajifanya tu, Bibi. Hakuna hata tone la damu."

Mama Plasta akashuka chini, na magoti yake yakalia. Akauchukua mkono. Hakuhitaji kuubonyeza. Kidole cha kati kilikuwa kimeanza kuvimba, na kilikaa upande, kidogo tu, namna ambayo mtu mwingine asingeona.

"Wiki tatu," alisema.

"Lakini hakuna damu," akasema mkubwa, na sasa sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

Kilio kikazidi. Kutoka jikoni binti yake akapaza sauti, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza, nakuja," na papo hapo, kama alivyomwona mama yake akifanya nyumbani utoto wake wote, akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Muziki ukajaa nyumba nzima. Mama Plasta akaisikia chuki inampanda, na haikuwa ya Tufani, wala ya kijana wa viatu vya kung'aa.

"Zima hiyo redio," alisema.

"Mama, mtoto anali—"

"Nasikia. Izime."

Redio ikazimwa. Akamweka mdogo mapajani, mkono ulioumia juu ya mto wa kiganja chake, akamwambia, "Lia, mjukuu wangu. Lia kwa nguvu zako zote." Naye akalia. Kililia kile kitoto mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta, na kilio kikaijaza korido, kikagonga mlango wa chuma na kurudi. Mkubwa akarudi nyuma hadi ukutani, macho yamemtoka, akaziba masikio yake kwa viganja vyote viwili.

Mama Plasta akanyoosha mkono wake uliokuwa huru. Akaishika mikono ya mjukuu wake mkubwa, mmoja baada ya mwingine, akaiondoa masikioni, akaiteremsha chini, na akaishikilia hapo.